Kabla ya kununua dishi la intaneti, familia ikubaliane kuhusu betri

Lori kutoka mjini Marsabit lilifika jioni, na kabla magunia ya unga na sukari hayajateremshwa, mwenye duka aliomba ateremshiwe boksi lake kwanza. Halikuwa zito. Watoto waliozoea kulisubiri lori walidhani ni runinga. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa chekechea, alijua ni nini. Alikuwa ameuza mbuzi wake wanne ili boksi hilo lije.

Kijiji chao kiko ng'ambo ya jangwa la Chalbi, ukipita Maikona. Mtandao wa simu haufiki. Anayetaka kupiga simu hutembea karibu nusu saa hadi kwenye kilima kimoja ambako, akisimama upande wa mashariki wa jiwe fulani, hupata alama moja au mbili. Kilima hicho ndicho ofisi ya kijiji. Hapo ndipo bei ya mbuzi hujadiliwa, pesa za M-Pesa hupokelewa na wanafunzi walio mbali huomba karo. Usiku hakuna anayekwenda, kwa sababu ya fisi na nyoka.

Sababu za kulitaka dishi hazikuwa zilezile ndani ya nyumba hiyo. Mwalimu alikuwa na mtoto wa miezi minane ambaye kifua kilimsumbua kila upepo wa vumbi ulipoanza, na zahanati iliyo karibu ni mwendo wa saa tatu kwa pikipiki. Alitaka aweze kumuuliza daktari kama mtoto asafirishwe au la. (Huko muuguzi wa zahanati huitwa daktari, na hakuna anayemsahihisha mtu.) Mumewe alitaka kuagiza bidhaa bila kupanda kilima. Pia alitaka mpira, ingawa hilo alilisema kwa sauti ya chini. Nyanya, mama yake mwenye duka, alitaka kumwona binti yake aliyeolewa Isiolo. Mvulana wao wa Gredi ya 8 hakuulizwa anataka nini.

Wote hao walikuwa wakitegemea paneli moja ya sola ya wati 100 na betri moja iliyokuwa chini ya kaunta ya duka.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa kama arusi. Wageni walikuja jioni na viti vyao. Nyanya alimwona binti yake, akalia, kisha akaanza kumgombeza kwa kukonda. Mwenye duka aliagiza sukari na betri za tochi akiwa ameketi kivulini. Mwalimu alimpigia daktari kwa WhatsApp kumjulisha kwamba sasa wana intaneti nyumbani na wanaweza kutafutana saa yoyote.

Kisha ikaja Jumamosi moja yenye mechi mbili za Uingereza mfululizo. Vumbi lilikuwa limefunika jua tangu asubuhi na paneli haikujaza betri vizuri. Wanaume walijazana dukani, simu ikaegemezwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Mechi ya pili ilikuwa ikielekea mwisho, karibu saa nne na nusu usiku, taa ya dishi ilipozima. Wakanung'unika, wakabeba viti vyao, wakaenda kulala.

Saa saba usiku mtoto alianza kupumua vibaya.

"Baba watoto, amka. Dishi limezima."

"Betri imeisha. Jua likitoka itajaa."

"Jua litatoka saa kumi na mbili. Huyu mtoto anapumua kama mtu aliyekimbia."

Pikipiki ya jirani ilipatikana alfajiri. Kufikia saa tatu na nusu asubuhi walikuwa zahanati, mtoto akiwa amefungwa kifuani pa mama, amechoka hata kulia. Daktari alimfunua, akatazama saa, akahesabu pumzi kwa dakika nzima, kisha akasema ni nimonia. Alimwanzishia amoksilini ya vidonge vinavyoyeyushwa kwa maji na kuwaambia wasubiri hapo hadi jioni amwangalie tena. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu mbona hawakumtumia video usiku, ilhali mwalimu alikuwa amemwambia wana intaneti nyumbani.

Mwalimu hakujibu. Mumewe ndiye aliyetazama chini.

Mtoto alipona. Lakini swali la daktari lilirudi nao nyumbani, na ndilo swali ambalo kila mzazi wa mashambani anayefikiria kununua dishi angefaa kujiuliza kabla ya kutoa hata shilingi moja: usiku wa manane, wakati ule hasa ambapo kitu hiki kinahitajika, kitakuwa kinawaka?

Wakenya si wageni wa ahadi za intaneti kutoka juu. Julai 2020 kampuni ya Loon ya Marekani pamoja na Telkom Kenya zilianza kutoa mtandao kwa baluni zilizoelea angani juu ya sehemu kadhaa za nchi. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Kabla na baada ya hapo kulikuwa na setilaiti za zamani, zile za madishi makubwa yaliyoonekana kwenye ofisi za mashirika na misheni. Hizo hukaa angani umbali wa karibu kilomita 36,000, na kwa sababu ya umbali huo sauti huchelewa. Mtu husema "halo", kimya, anarudia "halo", kisha majibu mawili yanakuja pamoja. Kuzungumza na daktari kwa namna hiyo huchosha.

Setilaiti mpya, kama za Starlink iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, huzunguka karibu zaidi, kilomita 550 hivi kutoka ardhini. Kwa kuwa ziko chini, hazisimami mahali pamoja juu ya kijiji. Moja hupita, nyingine hushika zamu, na dishi hubadilisha bila mwenye nyumba kujua. Ndiyo maana dishi hutaka anga wazi pande zote. Mti mmoja wa mgunga uliotanda upande usiofaa unaweza kukata mazungumzo kila baada ya dakika chache. Programu ya simu inayokuja na dishi humwezesha mtu kupiga picha ya anga kwa kamera na kuonyeshwa kama kuna kizuizi, na zoezi hilo ni bure. Lifanywe kabla ya kununua.

Huko Chalbi miti haikuwa tatizo. Matatizo yalikuwa upepo, ambao uliangusha dishi siku ya pili hadi likafungwa kwenye nguzo iliyosimikwa kwa saruji, na mbuzi, ambao walionja waya. Waya sasa umepitishwa ndani ya bomba la maji la plastiki. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu. Duka ni la mabati, na mabati huzuia mawimbi ya WiFi, kwa hiyo mwanzoni simu ilishika vizuri kibarazani lakini ndani ya nyumba ya kulala, hatua ishirini tu kutoka hapo, haikushika kitu. Kifaa cha WiFi ilibidi kisogezwe dirishani. Ni jambo dogo, ila mama mwenye mtoto mgonjwa hatakiwi kusimama nje kwenye baridi akitafuta mawimbi.

Kuhusu pesa, bei ya dishi ndiyo huzungumzwa sana, lakini si hiyo inayowashinda watu. Seti ya kwanza iliyoingia Kenya iliuzwa karibu shilingi 90,000. Baadaye bei ikashuka chini ya 50,000, na dishi dogo likaja kwa takriban 27,000. Mwaka 2024 kulikuwa na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, na kile kisicho na kikomo kwa 6,500. Bei hizi hubadilika, kwa hiyo anayenunua aangalie za siku hiyo. Jambo la ajabu ni kwamba mwishoni mwa 2024 waliokuwa Nairobi na kaunti jirani waliambiwa nafasi zimejaa, ilhali mtu wa Marsabit angeweza kujiunga siku hiyohiyo. Si mara nyingi kaskazini hupata nafasi ambayo Nairobi imekosa.

Kinachowashinda wengi ni mwezi wa nne au wa tano, ukame ukiingia na mbuzi wakikosa bei. Dishi lisilolipiwa ni sahani tu. Familia hii iliamua kwamba gharama ya mwezi itoke kwenye faida ya sukari peke yake, na sukari isipouzika vya kutosha mpira usimame kwanza, si kifurushi. Kifurushi chao ni kile kidogo, na mechi hula data kwa pupa. Wazo la kuwatoza majirani ili kusaidia kulipa lilijitokeza haraka, kama linavyojitokeza kila mahali. Hapo tahadhari inafaa. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuuza tena intaneti, na kufanya biashara ya intaneti nchini kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Jirani kuja kumpigia mwanawe kibarazani ni ujirani, na huo hauna leseni.

Sasa betri. Hapa mzazi avumilie hesabu kidogo, maana ndiyo iliyomlaza mtoto yule bila msaada hadi asubuhi.

Dishi la kawaida hula kati ya wati 75 na 100 muda wote linapowaka. Likiachwa mchana na usiku, hiyo ni kama wati-saa 2,000 kwa siku, mzigo ambao sola ndogo za nyumbani, zile za balbu tatu na redio, haziwezi hata kuuota. Dishi dogo hula kati ya wati 25 na 40, na linaweza kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa betri wa volti 12 bila kupitia inveta, ambayo yenyewe hula umeme wake. Tuseme wati 30. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la kaskazini, baada ya hasara za njiani, hutoa takriban wati-saa 350 hadi 400 kwa siku. Betri ya mwenye duka ilikuwa ya ampea-saa 50, aina ya asidi. Kwa maandishi ina wati-saa 600, lakini betri ya aina hiyo ikimalizwa chini ya nusu kila siku hufa mapema, kwa hiyo ya kutumia ni 300 tu.

Siku ile ya mechi dishi liliwaka tangu saa mbili asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, simu za kijiji kizima zikichajiwa pembeni, na jua halikuwapo. Haihitaji fundi kueleza kilichotokea.

Ila hesabu hiyohiyo ina habari njema ambayo haisemwi na wauzaji. Kumpata daktari usiku, kumtumia video na kusubiri jibu ni nusu saa. Nusu saa ya dishi dogo ni wati-saa 15. Nyumba haihitaji betri kubwa ili iwe salama usiku. Inahitaji tu watu wazima waliokubaliana kuacha kidogo.

Makubaliano hayo hayakuja kwa urahisi. Mwenye duka alisema anahitaji wateja wanaokuja kwa ajili ya mpira, maana hununua soda na biskuti. Alikuwa na haki, faida ya soda nayo hulisha watoto. Mwalimu alisema mbuzi waliouzwa walikuwa wake. Nyanya, aliyekuwa akisikiliza huku akisuka kamba, alimwambia mwanawe kwamba mzee wake hakuwahi kumaliza maji yote ya kibuyu jioni, hata ngamia wakiwa karibu na kisima. Ukimya ulikaa kidogo. Siku iliyofuata mita ya volti ya kubandika iliagizwa kwa dereva wa lori.

Mita hiyo sasa iko kwenye kaunta. Ikisoma 12.2 dishi likiwa limepumzika, betri imebaki nusu, na kila kitu huzimwa, hata kama ni dakika za nyongeza. Usiku dishi hukatwa kabisa ili lisile bure, na swichi yake haiko dukani tena. Iko chumbani, upande wa kitanda anakolala mama. Likiwashwa huchukua dakika chache kuipata setilaiti.

Ni nini hasa mzazi anaweza kumtumia daktari? Daktari wa zahanati ile alimfundisha mwalimu jambo moja, na linafaa kujulikana na kila nyumba iliyo mbali na hospitali. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi na halii, afunuliwe kifua na tumbo. Simu ishikwe thabiti kwenye mwanga wa kutosha, na irekodi dakika moja kamili bila kukata. Aliye upande wa pili atahesabu mara ngapi kifua kinapanda. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka mno. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ataangalia pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani mtoto anapovuta hewa. Picha tu haionyeshi hilo, na ujumbe wa "daktari mtoto anakohoa sana" hauonyeshi chochote.

Lakini kuna dalili ambazo hazisubiri video wala jibu. Mtoto asiyeweza kunywa au kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, hapo familia itafute usafiri kwanza, na simu ipigwe njiani au na anayebaki nyumbani. Intaneti haina dawa ndani yake. Kinachopatikana ni uamuzi wa haraka, wa kwenda au kutokwenda, na pengine zahanati kujua kuna mgonjwa njiani.

Kuna la kuogopa pia. Waya ule ule unaomleta daktari huleta na wengine. Wiki ya pili tu baada ya dishi kufika, sauti ilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ikisema mtoto anayekohoa bila kupona akatwe kimio. Mzungumzaji alikuwa na sauti ya utu uzima na alitaja Mungu mara nyingi. Kukata kimio hakuponyi kikohozi, na watoto wamefikishwa hospitalini wakivuja damu au wakiwa na maambukizi kwa sababu yake. Mwalimu aliicheza sauti hiyo mbele ya mama mkwe wake, akamwomba daktari aijibu kwa sauti pia, kwa heshima, na jibu likarudishwa kwenye kundi lilelile. Wapo walionuna. Lakini hakuna mtoto wa ukoo huo aliyekatwa msimu huo.

Mhudumu wa afya wa kijiji amefaidika kuliko alivyotarajia. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za kaya. Programu yao hufanya kazi bila mtandao na huhifadhi taarifa hadi mtandao upatikane. Mama huyu alikuwa akipanda kilima kila Ijumaa kuzituma. Siku hizi hupita dukani, hunywa chai, na taarifa zinaondoka kabla chai haijapoa. Mwenye duka hamtozi. Anasema chai ndiyo humgharimu.

Na mvulana? Yeye aligunduliwa saa nane usiku, wiki moja kabla ya mita kufika, blanketi likiwa limetoa mwanga. Alikuwa akitazama video fupi, moja baada ya nyingine, na hakuweza kusema alianza saa ngapi. Baba alitaka kumchapa. Mama aliuliza ni nani aliyempa neno la siri la WiFi, na ikabainika kwamba ni baba, ili amsaidie kufungua programu ya mpira.

Wazazi wa mjini wamekuwa na miaka ya kuzoea shida hii polepole, bando kwa bando. Kijiji ambacho hakikuwa na mtandao kabisa huipata yote kwa usiku mmoja, na watoto huijua kabla ya wazee. Kwa hiyo kazi hii ifanywe siku ileile dishi linapofungwa. Neno la siri libaki kwa wazazi. Simu zote zilale chumba cha wazazi. Kwenye mipangilio ya kifaa cha WiFi inawezekana kubadilisha anwani za DNS na kuweka 1.1.1.3 na 1.0.0.3, huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti nyingi za ngono na zenye virusi. Haizuii kila kitu, na mtoto mwerevu ataizunguka siku moja, lakini humpa mzazi muda wa kuzungumza naye kabla hajayaona. Mazungumzo hayo ndiyo magumu. Mwenye duka bado hajayafanya. Mkewe anamkumbusha.

Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Nyumba ile ilikuwa imeanza kumtuliza mtoto kwa katuni wakati mama anapika. Ikaachwa. Kilichobaki ni dakika zake na shangazi wa Isiolo, akiwa amepakatwa na nyanya, na hata madaktari wa watoto wa Marekani walio wakali kuhusu skrini hawakatazi mtoto mchanga kuonana na ndugu kwa video. Anapenda kulamba uso wa shangazi kwenye kioo.

Miezi sita baada ya usiku ule, mtoto akiwa na mwaka na miezi miwili, upepo ulirudi na kifua kikaanza tena. Ilikuwa saa sita usiku. Mwalimu alinyoosha mkono, akabonyeza swichi. Mumewe aliamka bila kuitwa, akashika tochi. Walimsubiri atulie, wakamfunua, wakarekodi dakika moja. Video iliondoka.

Kungoja kulikuwa kurefu. Daktari naye ni mtu, hulala. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi na nane, kwa sauti nzito ya usingizi: pumzi 36, kifua hakibonyei, ananyonya? Ananyonya. Ana homa? Kidogo. Basi hakuna haja ya kumpitisha jangwani usiku huu. Aendelee kunyonyeshwa mara nyingi, apewe vinywaji vya uvuguvugu, na asubuhi saa moja warekodi nyingine. Akianza kupumua haraka au akikataa kunyonya, waje mara moja.

Saa moja asubuhi walirekodi. Zilikuwa 32. Kwa sauti ya mtoto aliyekuwa akidai uji, daktari alisema hakuhitaji hata kuhesabu.

Mwenye duka ana daftari la madeni ambalo tangu mita ifike lina ukurasa wa nyuma wenye namba tu, moja kwa kila jioni. Wiki hiyohiyo alinunua betri ya pili, ya mkono wa pili, kwa ajili ya mpira. Ya kwanza imehamishiwa chumbani. Jumamosi ya mechi, mtu mmoja alipouliza kwa nini wasiunganishe zote mbili ili waone hadi mwisho, mwenye duka aliendelea kupanga viti kana kwamba hakusikia.